Maji ya Kumwogesha Machogu

Maji ya Mzee Machogu hayakuchemshwa sana. Nyanchoka aliyapima kwa kiganja. Yakianza kuuma, aliyaepua, akayamimina kwenye karai, akayapooza kidogo na kudondosha humo majani ya mkaratusi kwa ajili ya kifua cha mzee. Kisha alilibeba karai hadi kizingitini pa nyumba ya baba mkwe wake, akalitua taratibu lisigonge simenti, akakohoa, akageuka kwenda zake jikoni. Ndani hakutazama. Tangu aolewe katika boma hilo la Nyansiongo alikuwa amempikia mzee huyo, amemfulia makoti na mablanketi, amemsikia akiomba na akigombana na redio yake, lakini magoti yake hakuwahi kuyaona.

Huko Gusii jambo hilo lina jina, chinsoni. Ni haya, lakini si ile haya ya mtu aliyekosea, ni ukuta. Mkaza mwana na baba mkwe wamejengewa ukuta huo, na baba na mwanawe wa kiume vilevile. Mokua, mume wa Nyanchoka na kitinda mimba wa Machogu, alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu na karakana yake ya useremala, na hata yeye asingethubutu kumvua baba yake shati. Mjukuu angeweza. Babu na mjukuu hawana ukuta, hutaniana wapendavyo. Ila Mokua na Nyanchoka hawakuwa wamejaliwa mtoto, na kaka mkubwa, Obadiah, alikuwa na mabinti wawili tu, waliokaa Nairobi na kumwona babu yao wakati wa Krismasi.

Kwa hiyo aliyeliokota karai pale mlangoni alikuwa Ratemo, jirani. Ratemo na Machogu walitahiriwa msimu mmoja, wakaumwa na baridi moja ya alfajiri, na watu wa namna hiyo hawafichani kitu hadi kaburini. Alikuja kila asubuhi na gambuti zake, akafunga mlango kwa kisigino, na Nyanchoka akiwa jikoni anakoroga uji wa wimbi alisikia utani wao.

"Geuka huku, wewe. Mzito kama gunia la mbolea."

"Wewe ulilia siku ile ya kisu," alijibu Machogu kwa ule mdomo wake ambao kiharusi kilimwachia nusu.

"Nililia kwa sababu ulinikanyaga."

Wakacheka. Maisha ya mzee yalikuwa yamebaki hapo, kwenye kile kicheko cha asubuhi na kwenye uji uliofuata. Na Nyanchoka, kila aliposikia mlango ukifunguliwa na maji machafu yakimwagwa kwenye migomba, alijiuliza swali ambalo halikuwa likimpa raha: wakishaondoka wao, nani atayapasha moto?

Maana walikuwa wanaondoka. Kanisa lilikuwa limewachagua.

Sabato waliyosimamishwa mbele ya waumini, mzee alisukumwa kwa kiti chake cha magurudumu akawekwa kando ya mimbari, amevaa tai. Mchungaji alieleza, sauti ikimpanda kidogo kidogo, kwamba kuna nchi inaitwa Moldova, mbali, baridi yake inapasua miti. Huko wazee wamebaki peke yao vijijini kwa sababu watoto wao wamekwenda kutafuta maisha katika nchi za watu. Hawana wa kuwapa uji. Hawana wa kuwaogesha. Sasa Mungu ameinua watu wawili kutoka Nyansiongo, fundi seremala na mke wake aliyesomea kuhudumia wagonjwa pale Kisii mjini, wakatumike miaka mitano katika nyumba ya wazee, kwa kujitolea, bila mshahara, kwa kitanda na chakula tu. Kanisa likaitikia amina. Nyanchoka aliinua macho akamtazama mzee. Mzee alikuwa akitazama gurudumu la kiti chake.

Hapo mchungaji akafanya kosa ambalo watu wema hulifanya. Alimgeukia Machogu, akamwuliza mbele ya wote kama anawaruhusu wanawe waende kwenye kazi ya Bwana. Nyumbani hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mokua alikuwa amesimama mlangoni siku moja, kofia mkononi, akamwambia baba yake, "Tata, tumechaguliwa." Na kuambiwa si kuulizwa. Sasa mzee gani atamnyima Mungu mbele ya kanisa zima? Machogu aliinua ule mkono wake mzima, akaushusha. Kwaya ikaanza kuimba.

Baada ya ibada watu walikula pamoja chini ya hema. Akina mama wa Dorkas, kikundi cha huduma cha kanisa, walileta sanduku lenye magurudumu na makoti mawili mazito ya mitumba, wakamtaka Nyanchoka avae lake papo hapo, jua likiwaka, ili wampige picha. Alivaa. Lilikuwa limetengenezwa kwa mwanamke mkubwa kuliko yeye, mikono ikafunika vidole, na wote wakacheka. Nyanchera, mke wa Obadiah, alikuwa amekuja kutoka Keroka ambako mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Alimkunjia mikono ya koti polepole, kama mtu anayemvisha mtoto wa shule.

"Heri wewe, mke mwenzangu," akasema. "Sisi wengine tumefungwa na watoto, hatuwezi kuruka."

Nyanchoka akacheka pamoja na wengine. Mtu akikuchoma mbele za watu, ukilia umemsaidia.

Siku za mvua zilipoanza, Ratemo aliteleza kwenye kijia cha majani chai akiwa na kikapu mgongoni, akavunjika nyonga. Binti yake aliyeolewa Mosocho alikuja na pikapu kumchukua, maana Ratemo alikuwa mjane na hakuwa na wa kumtunza. Walipofika langoni kwa Machogu, Ratemo aliomba gari lisimame. Alikuwa amelazwa nyuma juu ya godoro, amefunikwa turubai. Mokua akamsukuma baba yake hadi kando ya barabara, na wale wazee wawili wakatazamana juu ya ubavu wa gari.

"Nani atakugeuza sasa?" Ratemo aliuliza.

"Nitajigeuza."

"Mwongo wewe."

Machogu alinyoosha mkono akagusa turubai, dereva akaomba radhi, kwamba barabara inaharibika, na gari likaondoka.

Asubuhi iliyofuata Nyanchoka alipasha maji kama kawaida, labda kwa sababu mkono ukishazoea kazi hauulizi. Akalitua karai kizingitini, akakohoa. Alipopita tena baadaye, maji yalikuwa yamepoa na majani ya mkaratusi yamegandamana ukingoni. Aliyamwaga. Kesho yake akayapasha tena.

Obadiah alipopigiwa simu alisema watafute mtu wa kuajiri, naye atasaidia. Yeye mwenyewe, kama walivyojua, ni mtoto wa kiume, angefanya nini? Wakatafuta. Lakini kila mwanamume wa karibu alikuwa ama mtoto wa ukoo, ama amekwishaitwa mwana na Machogu siku nyingi. Wazee wa kanisa walikuja, wakaimba wimbo, wakamfuta mzee uso na mikono kwa taulo, wakaahidi kupanga zamu. Zamu ikapangwa kuanza wiki iliyofuata, kwa kuwa wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa makambi. Wakati huo harufu ilikuwa imeanza kutoka nyumbani kwa mzee. Nyanchoka alikuwa akisikia mlangoni anapopeleka chakula, naye mzee alijua kwamba anasikia, kwa hiyo redio ilikuwa ikipandishwa sauti kila alipokaribia. Kana kwamba redio huzuia harufu.

Mokua alijaribu. Hilo lazima lisemwe. Alikunja mikono ya shati, akalibeba karai mwenyewe, akavuka kizingiti hadi sebuleni, akasimama mbele ya pazia la chumba cha kulala. Nyanchoka alimwona kwa mgongo kutoka uani.

"Tata, nimeleta maji."

"Yaweke hapo."

"Nataka kukusaidia."

"Wewe ni nani yangu?" mzee aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Mtoto wako."

"Basi umejijibu."

Mokua alisimama pale muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni. Kisha akarudi nyuma na karai lake, akamwaga maji kwenye migomba, akaenda kukaa karakanani juu ya mbao. Huyu ndiye mtu aliyeandikiwa barua kwenda kuogesha wazee wa Moldova. Nyanchoka alimfuata. Alimwambia kwamba amefikiri, naye hatakwenda. Atabaki na mzee. Kama kuna adhabu ya Mungu, ataibeba yeye.

"Barua ni ya mume na mke," Mokua akasema. "Mmoja hachukuliwi."

"Basi tusiende."

"Na kanisa? Makoti? Picha imeshatumwa." Aliokota randa, akaitazama, akairudisha. "Ukibaki utamfanyia nini? Utakuwa unaweka maji mlangoni hadi afe?"

Alisema hivyo kwa uchungu, bila nia ya kumwonyesha njia. Lakini maneno yalimwingia Nyanchoka, yakakaa. Mokua alipokwenda kituo cha kupimia majani chai alasiri ile, mkewe alipasha maji, akachukua kitambaa laini, sabuni, mafuta na shuka safi, akasimama kizingitini. Hakukohoa.

"Tata, naingia."

"Hapana," mzee alisema.

Alisikia vizuri kabisa, na akaingia. Nyuma ya pazia alifumba macho kwanza. Kisha akaona kwamba afumbaye macho humwumiza mgonjwa, akayafumbua. Alifanya kazi kama alivyofundishwa Kisii: upande mmoja kwanza, upande mwingine umefunikwa, maji yasikae, ngozi ipigwepigwe na taulo, isisuguliwe. Kiunoni palikuwa na kidonda kikubwa kama mdomo wa kikombe, na wadudu walikuwa wameshapajua. Alipasafisha, machozi yakimwingia puani. Mzee alikuwa ameivuta kofia yake ya sufu hadi kidevuni kwa ule mkono mzima, akaishikilia hapo muda wote, kama mtu anayezuia upepo. Hakulia, hakuguna, hata alipoguswa kwenye kidonda. Magoti yake yalikuwa madogo sana.

Alipokwisha kumvalisha na kumtandikia, alikusanya vitu vyake. Ndipo mzee aliposema, kofia ikiwa bado usoni:

"Mokamwana. Sasa nitakusalimia kwa uso gani?"

Ndivyo alivyomwita siku zote, mokamwana, mke wa mwanangu. Siku hiyo neno lilitoka kama linaagwa.

"Kwa uso huo huo, Tata. Mimi sikuona kitu."

"Umeona."

Jioni ile Nyanchoka alisonga ugali wa wimbi, akapika chinsaga kwa maziwa kama mzee alivyopenda, mboga chungu imechemshwa hadi ikalainika. Sahani ilirudi ilivyokwenda. Alidhani amechoka. Kesho yake uji ulirudi na utando juu. Mchana akamchinjia kuku, mapaja yakarudi yameganda mafuta. Akajiambia labda ni kidonda, labda homa, akampa Mokua dawa ampelekee, na mzee dawa alimeza. Chakula hapana. Siku mbili zikapita hivyo, mzee akiishi kwa maji ya mtungi.

Siku ya Jumapili Obadiah na Nyanchera walikuja kumwona. Nyanchera alikuwa amebeba chupa ya uji na ndizi za kuchemsha kwenye hotpoti. Nyanchoka, akianika nguo nyuma ya nyumba ya mzee, aliona kupitia dirishani jinsi mzee alivyokunywa. Alikunywa kikombe cha kwanza bila kupumzika. Alishika ndizi kwa mkono mzima akaila kwa pupa, makombo yakimwangukia kifuani, kisha akanyoosha kikombe aongezwe. Nyanchera, ambaye hakujua lolote, alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje kwamba inaelekea hapa mtu anafungishwa saumu.

Nyanchoka alibaki ameshika shuka lenye maji. Akaelewa. Mzee hakuwa mgonjwa wa tumbo. Alikuwa amekataa mkono wake.

Alimweleza Mokua wakiwa katikati ya majani chai, kila mmoja kwenye mstari wake, maana ni rahisi kusema jambo kama hilo mikono ikiwa inachuma. Mokua aliacha kuchuma. Hakumgombeza. Alitazama vilima vya upande wa Kericho, ukungu ukishuka, akasema polepole, kama anayezungumza na mtu mwingine:

"Tungekuwa na mtoto, hata mmoja, haya yasingetokea."

Katika miaka yote ya ndoa yao hilo alikuwa hajalisema. Wengine walisema, yeye hakusema. Nyanchoka aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hadi mwisho wa mstari.

Mokua akamwambia kaka yake, na Obadiah, ambaye kanisani alikaa viti vya nyuma, alijua dawa yake mara moja. Kuna njia ya wazee, alisema. Achinjwe mbuzi, wazee wachache wa ukoo waitwe, waseme maneno yao, wale, na jambo lifunikwe. Siku hiyo hiyo mzee atakula kwa mkono wa mkaza mwana wake. Mbuzi atamtoa yeye. Nyanchoka alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akisikiliza, na moyo wake uliinuka.

Mokua alikataa. Alisema yeye ni mzee wa kanisa na amewekewa mikono kwenda kutumika. Wakisikia amefanya tambiko la damu, barua itafutwa na jina lake litasomwa mbele ya watu. Obadiah akamwuliza jina lake na tumbo la baba yake, kipi kizito. Mokua akasema watu wa Mungu hawarudi nyuma. Pengine mbele ya mkewe peke yao angekubali. Mbele ya kaka yake hakuweza.

Basi mzee mwenyewe akaamua. Aliwaita wanawe wote wawili, akawaambia kupitia pazia kwamba anataka mgeni. Asiwe Mgusii. Asiwe mtu anayejua jina la baba yake. "Mgeni hana macho," alisema.

Obadiah akamleta Osman, mtu wa makamo kutoka Kisii mjini, Mwislamu, aliyewahi kuhudumia wagonjwa na baadaye kupakia mizigo pale Keroka. Kigusii chake kilikuwa cha sokoni tu. Asubuhi ya kwanza aliliokota karai, akafunga mlango, na Nyanchoka akamsikia baba mkwe wake akizungumza Kiswahili, lugha ambayo katika boma lile alikuwa akiitumia kwa daktari wa mifugo na kwa polisi tu.

"Mzee, naosha wapi kwanza?"

"Osha kwanza mgongo. Kiuno iko na kidonda. Pole pole."

"Na huku mbele?"

"Huku pia. Osha tu."

Alitaja mwili wake wote hivyo, kiungo kimoja baada ya kingine, sauti kavu, bila aibu. Kwa Kigusii asingeweza hata kimoja. Osman alikuwa pia anampikia, kwa jiko la mafuta kando ya kitanda, chai na chapati na maharagwe. Lakini moshi wa jiko la Nyanchoka ulipoelekea upande ule, mzee aliagiza dirisha lifungwe.

Mchungaji alipokuja kumwona, Machogu alimwambia jambo moja. Mokua na mkewe waende. Kama inawezekana, waende hata kabla ya siku iliyopangwa. Mchungaji alitoka amelowa machozi. Sabato hiyo aliusimulia ushuhuda huo mimbarini: mzee ambaye viungo vimemwisha, lakini hana la kumnyima Bwana, anaomba watoto wake waharakishwe kwenda shambani mwa Bwana. Wapo waliolia. Nyanchoka alikaa safu ya mbele, mikono magotini. Angeweza kusimama akasema kilichomo ndani ya baraka ile. Badala yake akafungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa uliotajwa. Kwa kuwa alikuwa amekwishahesabu upande wake: akibaki, mzee hatakula kwa amani ndani ya boma lake mwenyewe, akienda, atakula. Aliyekuwa ameingia mle ndani ili abaki, mlango wa kubaki aliufunga kwa mkono wake.

Siku ya safari watu walijaa uani. Sanduku lenye magurudumu lilikuwa limekwama kwenye tope, vijana wakalibeba. Mchungaji aliomba ombi refu, akitaja theluji na ndege na malaika. Kisha Mokua akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, na mzee akamwekea mkono kichwani, akasema kwa Kigusii maneno ambayo baba humwambia mwana aendaye mbali, kwamba njia iwe nyeupe na miguu isijikwae. Mokua alilia waziwazi. Obadiah akamwinua.

Nyanchoka alifuata, amevaa lile koti kubwa. Hakuwa na tumaini la maneno mengi. Alitaka mkono tu, hata usipokaa. Alipiga magoti kwenye nyasi zenye maji, akainamisha kichwa, akangoja.

Machogu hakumtazama. Alitazama juu, mahali ambapo Osman alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Osman," alisema kwa Kiswahili. "Rudisha mimi ndani. Baridi."

Osman alisita, akawatazama watu, akainamisha macho. Kisha akakigeuza kiti. Magurudumu yakapita karibu na mikono ya Nyanchoka, yakapanda kizingiti, na mlango ukafungwa polepole.

Yeye alibaki palepale, paji la uso karibu na nyasi, maji yakimpenya magotini. Akina mama wa Dorkas walimwona hivyo, wakadhani anaomba, nao mmoja baada ya mwingine wakapiga magoti kwenye tope nyuma yake.